Mkutubi si Mshika Ufunguo: Jinsi Mwanagenzi Anavyofunzwa Kazi ya Maktaba ya Shule

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msemo huu unawafaa sana wanaotaka kuijua kazi ya maktaba, maana kitabu kinachotafutwa mara nyingi huwa rafu ya chini kabisa, na mwenye kukitafuta huinama kweli kweli! Lakini hebu waulize wanafunzi wenzangu hapa Garsen kazi ya mkutubi ni gani. Wengi watakujibu, "Si anakaa tu pale mlangoni na ufunguo, akituambia tunyamaze!" Hayo, mpenzi msomaji, ni maneno ya mtu aliyeiona mashua kwa mbali akadhani inajiendesha yenyewe.

Nia ya makala haya ni kueleza kazi hiyo hasa ni ipi, na jinsi mwanagenzi anavyofunzwa. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, akiwa chini ya jicho la mjuzi. Seremala hujifunza hivyo, na fundi wa cherehani vilevile. Ukutubi nao una nadharia yake ya darasani, ila mtu anayeusomea chuoni hutumwa maktabani kwa muda, mara nyingi kama miezi mitatu, apate kuyagusa kwa mikono yale aliyoyasoma. Sisi tulio bado shuleni tunaweza kuionja kazi hiyo kwa kuwa wasaidizi wa maktaba.

Tangu siku ya kwanza kuna swali moja litakalomkabili mwanagenzi wa sehemu zetu hizi za Tana River. Vitabu ni vichache, na njia za kuvipata vingine ni ndefu. Je, avifungie kabatini visipotee, au aviazimishe vikasomwe? Swali hili si dogo. Ukiazimisha ovyo, baada ya mwaka mmoja utabaki na rafu tupu. Ukifungia, utabaki na vitabu vipya na wanafunzi wasiojua kitu. Mwanagenzi anayefunzwa vyema hugundua kwamba karibu kila kazi ya maktaba, hata ile inayochosha, ilibuniwa ili kulijibu swali hilo. Tuzitazame kazi hizo moja baada ya nyingine.

KITABU KINAPOINGIA

Kitabu kipya hakikimbiliwi kusomwa. Kwanza hukaguliwa: kurasa zimetimia? Hakuna zilizochapwa juu chini? Kisha hupigwa mhuri wa shule, kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mwingine wa siri unaojulikana na mkutubi pekee. Kwa nini wa siri? Kwa sababu mwizi hung'oa ukurasa wa kwanza akadhani amemaliza kazi, kumbe ushahidi uko ndani.

Baada ya hapo kitabu huandikwa kwenye rejista ya maktaba. Kila nakala hupewa nambari yake peke yake. Shule ikipata nakala 10 za Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, rejista itakuwa na mistari 10 na nambari 10. Kila mstari huonyesha tarehe kitabu kilipofika, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei, na kama kilinunuliwa au kilitolewa msaada. Mwishoni huachwa nafasi ya maoni. Humo ndimo huandikwa baadaye, "kimepotea" au "kimelipwa".

Wanagenzi wengi huona kazi hii ni ya kuchosha. Kukaa saa nzima ukiandika nambari tu! Lakini fikiri kidogo. Mfugaji anayezijua alama za ng'ombe wake mmoja mmoja haogopi kuwapeleka malishoni, kwa kuwa jioni atajua nani hajarudi. Asiyewajua huwafungia zizini, nao wakakonda. Rejista ndiyo inayompa mkutubi moyo wa kuachilia kitabu kitoke mlangoni.

KILA KITABU NA NYUMBA YAKE

Kazi ya pili ni kuvipanga vitabu kwa maudhui. Shule nyingi hufuata mpango wa desimali wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotolewa mwaka wa 1876. Dewey aliyagawa maarifa yote katika mafungu 10, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu likagawanywa tena na tena. Dini ziko 200, lugha 400, sayansi 500, sayansi tumizi kama kilimo na utabibu 600, fasihi 800, historia na jiografia 900.

Tuchukue mifano ya hapa kwetu. Kitabu kuhusu ng'ombe huenda 636.2. Cha maembe, ambayo Tana River inayajua sana, huenda 634.44. Cha kilimo cha mpunga huenda 633.18. Lugha ya Kiswahili ina nyumba yake 496.392, na fasihi yake iko 896.392. Historia ya Kenya iko 967.62. Mgongoni mwa kitabu hubandikwa lebo yenye nambari hiyo pamoja na herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi. Kwa hiyo Bembea ya Maisha inaweza kuvaa lebo ya 896.392 ARE, na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ikavaa 896.392 MOM.

Hapa pana mtego unaowanasa wageni wa kazi hii. Ngamia ana nambari 636.295, na kondoo 636.3. Ni nani atangulie rafuni? Wengi husema kondoo, ati kwa sababu 3 ni ndogo kuliko 295. La! Hizi ni desimali. Husomwa tarakimu moja moja baada ya nukta: 2 hutangulia 3, basi ngamia yuko mbele. Kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake ni sawa na kitabu kilichopotea, hata kama kimo chumbani humo humo. Kwa sababu hiyo mwanagenzi huanza kila asubuhi kwa "kusoma rafu", yaani kupitia lebo moja baada ya nyingine na kurudisha makwao vilivyohama.

Tena kuna katalogi. Katalogi ya kadi huwa na angalau njia tatu za kukifikia kitabu: kwa mwandishi, kwa jina la kitabu, na kwa mada. Anayekumbuka moja tu kati ya hizo hufika. Shule zenye kompyuta hutumia programu. Mojawapo ni Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000 na ambayo haiuzwi. Neno lenyewe kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Hata hivyo umeme ukikatika, mwenye kadi haulizi.

KUAZIMISHA NA KUREJESHA

Sasa tumefika mlangoni, penye ule ufunguo. Mtindo rahisi wa kuazimisha ni ule wa Browne, uliobuniwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Kila kitabu kina kadi ndogo ndani ya mfuko uliogundishwa kwenye jalada la nyuma. Kila msomaji naye ana tikiti iliyoshonwa au kugundishwa mfano wa kibahasha, yenye jina lake na kidato au gredi yake. Kitabu kikichukuliwa, kadi yake hutolewa na kutiwa katika tikiti ya msomaji. Viwili hivyo hupangwa sandukuni chini ya tarehe ya kurudisha, nacho kitabu hupigwa mhuri wa tarehe hiyo hiyo.

Utaratibu huu mdogo unajibu maswali matatu kwa pamoja: kitabu gani kimetoka, kiko kwa nani, na kitarudi lini. Na kwa kuwa msomaji ana tikiti chache tu, hawezi kuchukua kingine akiwa hajarudisha vya kwanza. Hakuna haja ya kumfokea mtu. Tikiti yenyewe inasema.

Mwanagenzi hufunzwa pia kukadiria tarehe kwa akili. Wako wenzetu ambao jamaa zao huhama na mifugo wakati wa kiangazi. Ukimpa mwanafunzi kama huyo siku 14 wakati wa likizo, umemtega tu. Afadhali mkubaliane tangu mwanzo kwamba atarudisha wiki ya kwanza ya muhula, na uandike hivyo. Wenzetu wa Garissa, mji ulio juu ya mto huu huu wetu, walishaona kwamba anayehama pia ni msomaji. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, iliwapelekea wafugaji wa huko vitabu kwa ngamia: mmoja hubeba masanduku mawili ya vitabu, mwingine hubeba hema la kusomea. Kama vitabu vinaweza kumfuata mfugaji kwa ngamia, sembuse kumpa mwanawe muda mrefu zaidi wa kuazima?

MSOMAJI NA SWALI LAKE

Kazi ambayo haifunziki kwa kitabu ni ya kumsikiliza msomaji. Mara nyingi anachoomba sicho anachokihitaji. Sikiliza mazungumzo kama haya:

"Dada, nataka kitabu cha bayolojia."

"Karibu. Viko vingi. Unasoma mada gani?"

"Ile ya damu."

"Jinsi inavyozunguka mwilini, ama vikundi vya damu?"

"Vikundi. Kliniki waliniambia mimi ni A. Na mama ni O. Sasa... inawezekana kweli?"

"Inawezekana, mdogo wangu. Basi wewe hutaki damu tu, unataka urithi. Njoo huku."

Angalieni jinsi maswali mawili matatu yalivyobadilisha safari. Damu na mzunguko wake ziko 612, lakini urithi uko 576, rafu nyingine kabisa. Mwanafunzi huyo angepewa kitabu cha kwanza angekwenda na hofu yake nyumbani. Katika cha pili atakuta kwamba mtoto wa mama mwenye O huweza kurithi A kutoka kwa baba, na moyo utatulia. Na jambo jingine: mwanagenzi hakuuliza "kwa nini wataka kujua?", wala hatakwenda kusimulia bwenini. Siri ya msomaji hubaki maktabani. Mtu akijua kwamba alichosoma kitatangazwa, hataomba tena kitabu anachokihitaji kweli.

MTO UNAPOFURA

Garsen haiwezi kuzungumzia maktaba bila kuzungumzia maji. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, na sisi tuko karibu na mwisho wake, ambapo kila tone la kutoka nyanda za juu hupitia. Tumeyaona mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023, na ya Aprili na Mei 2024. Kwa hiyo mwanagenzi wa hapa ana somo ambalo mwenzake wa mjini huenda asilipate.

Kwanza, rafu ya chini iinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na isigusane na ukuta. Hilo husaidia dhidi ya maji na pia dhidi ya mchwa, ambao huujenga udongo wao kimyakimya hadi siku unapochota kitabu ukabaki na jalada mkononi. Pili, kuwe na orodha ya vitu vya kubebwa kwanza habari za mafuriko zinapotangazwa. Cha kwanza kabisa ni rejista. Maktaba iliyopoteza vitabu inaweza kudai, kuomba na kununua. Maktaba iliyopoteza rejista haijui hata imepoteza nini.

Tatu, vitabu vikilowa, kuna muda wa siku mbili hivi kabla ya kuvu kuota. Kitabu chenye matope huoshwa kikiwa kimefungwa, kwa maji safi. Kisha husimamishwa wima, kurasa zikiachana kidogo, mahali penye kivuli na upepo, na karatasi kavu zikitiwa katikati na kubadilishwa mara kwa mara. Usikianike juani, kitajikunja kama chapati iliyoungua. Vile vyenye kurasa za kung'aa vishughulikiwe kwanza, kwa maana vikikauka kurasa zitagandamana zisibanduke tena.

Na hapa ndipo lile swali letu la mwanzo linapata jibu lisilotarajiwa. Kufuli halizuii maji. Chumba kikifurika, vitabu vilivyofungiwa kabatini hulowa vyote pamoja. Kile kilicho mikononi mwa mwanafunzi ambaye nyumba yao iko juu, na ambacho jina lake na tarehe yake vimeandikwa, ndicho kilichopona.

MEZA MOJA

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye rejista. Sisi wa delta tunaishi pamoja: Wapokomo wakulima, Waorma na Wawardei wafugaji, na wengine wengi. Mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013 ghasia zilizuka hapa na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wakiwemo kina mama na watoto. Jambo hilo wazee wetu hawalisahau.

Maktaba haiwezi kumaliza ugomvi wa malisho na maji. Lakini ni chumba ambamo kanuni ni moja kwa wote. Foleni ni moja, tikiti ni zile zile, na kitabu kimoja hupita kutoka mkono wa mtoto wa mkulima hadi wa mtoto wa mfugaji. Mwanagenzi hufunzwa kutopendelea: asimfichie rafiki kitabu chini ya meza, asimsamehe faini mtu wa kwao na kumlipisha mwingine. Akifanya hivyo hata mara moja, chumba chote kitajua, na ile meza itagawanyika.

Vilevile, kona ya historia ya hapa ni kazi nzuri ya mwanagenzi. Wimbo wetu wa taifa, ulioandaliwa mwaka wa 1963, ulitolewa sauti yake kwenye wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Ni wanafunzi wangapi wanaousimama kila juma wakijua hivyo? Masimulizi ya wazee wa gasa wa Wapokomo na wa matadeda wa Waorma yanaweza kuandikwa kwa idhini yao, yakatiwa tarehe na jina la msimulizi, na yakahifadhiwa. Vitabu vya Nairobi vitakuja kwa lori. Haya yasipoandikwa hapa hayataletwa na lori lolote.

UFUNGUO AU KITABU?

Zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa rafuni kwa minyororo. Hadi leo, katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ipo maktaba yenye minyororo yake. Watu wale hawakuwa wajinga, maana kitabu kimoja kilichoandikwa kwa mkono kilikuwa na thamani kubwa mno. Ila mwaka wa 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, aliyekuwa kwanza mwalimu wa hisabati, alitoa kanuni tano za ukutubi, na ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Alifuatiza kwamba kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, wakati wa msomaji usipotezwe, na maktaba ni kiumbe kinachokua.

Mnyororo wetu wa siku hizi ni hofu. Tunasema, "Tukiwapa watapoteza." Ni kweli, viko vitakavyopotea, hata maktaba kubwa hupoteza. Lakini mwanagenzi aliyeandika rejista kwa uangalifu, akabandika lebo sawasawa, akapanga tikiti kwa tarehe, na akahesabu vitabu vyote mwisho wa mwaka, anajua vimepotea vingapi na kwa nani. Hasara iliyopimwa hurekebishwa. Hasara ya kitabu kisichosomwa haionekani kwenye hesabu yoyote. Mwaka wa 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo kitabu cha kiada ni cha kufaulia mtihani. Kamusi, riwaya, magazeti na vitabu vya marejeleo ndivyo vinavyomfunza mtu kujitafutia mwenyewe, na hivyo vinahitaji mkutubi.

Wale miongoni mwetu watakaopendezwa na kazi hii wajue kwamba njia ipo. Chuo cha Makerere kilianzisha shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki mwaka wa 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kikafungua kitivo cha sayansi za habari mwaka wa 1988. Vyuo vya kiwango cha cheti na stashahada viko pia. Lakini si lazima kungoja. Mwombeni mwalimu wa maktaba nafasi ya usaidizi, hata kwa saa mbili kwa juma. Nanyi walimu wetu wapendwa, tunawaomba mtuamini na rejista, msitupe ufagio peke yake.

Mwanagenzi akimaliza muda wake, msimamizi hutia sahihi daftari lake la kazi. Mimi naona kipimo kingine kingefaa zaidi. Tazameni zile kurasa za nyuma za vitabu, penye mihuri ya tarehe. Ukurasa mweupe, safi, usio na muhuri hata mmoja, usitufurahishe. Haba na haba hujaza kibaba: mihuri ijae kurasa hizo, nasi vichwa vyetu vitajaa.